Vikao vya wanateknolojia kwenye mji wa chuo: ratiba, ukumbi, intaneti na umeme vipangwe vipi?

Mratibu_Mpya

Wakuu, naomba ushauri wa vitendo, si wa kutiana moyo.

Mji ni wa chuo kikuu. Kuna kikundi cha Python (lugha ya kuandikia programu), cha usalama wa mitandao, cha vifaa vya kielektroniki, na klabu ya wanafunzi wa kompyuta. Wanaohudhuria ni walewale kwa sehemu kubwa, ila kila kikundi kina grupu lake la WhatsApp, tangazo hutoka siku mbili kabla, na si ajabu vikao viwili kuangukia jioni moja. Muhula ukifunguliwa ukumbi hufurika. Mitihani ikikaribia hubaki waandaaji peke yao. Likizo ndefu ikija kila kitu husimama, na viongozi wakihitimu kikundi huanza upya. Wafanyakazi na mafundi wa mjini, ambao ndio wenye uzoefu, huja mara moja, hukwama getini au kwenye intaneti ya chuo, basi hawaonekani tena.

Nauliza: ratiba ipangwe vipi ivuke likizo? Ukumbi wa watu 40 wenye laptopu, intaneti na umeme vinapimwaje mapema? Kikao chenyewe kiendeshwe kwa mtindo gani? Na je, tuanze na hakathoni kubwa (tukio la timu kutengeneza programu kwa muda mfupi) ili tujulikane?

---

Kalenda_Moja

Anza na siku, mengine baadaye. Chagua siku ya juma kwa namba yake ndani ya mwezi, mfano Jumanne ya pili, usichague tarehe. Ukisema "kila tarehe 10" utaangukia Jumapili na sikukuu, na kila mwezi mtajadiliana upya. Epuka wiki ya tano, kwa sababu miezi mingi haina Jumanne ya tano. Vikundi vinne vinaenea kwenye mwezi bila kugongana: kimoja wiki ya kwanza, kimoja ya pili, na kuendelea. Makubaliano hayo hayahitaji umoja wala katiba. Ni mazungumzo ya nusu saa kati ya watu wanne.

Kisha chukua kalenda ya masomo ya chuo ya mwaka mzima na uweke alama wiki ya usajili, majaribio ya katikati ya muhula, mitihani ya mwisho na likizo. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanafuta vikao vya wiki hizo. Usifute, punguza. Kikao cha wiki ya mitihani kiwe kidogo, mada moja au meza ya maswali na majibu, lakini siku na saa zilezile. Mtu wa mjini hajui mitihani ni lini na haimhusu. Akikuta mlango umefungwa mara moja, mara ya pili hatajisumbua.

Ndiyo maana unahitaji kumbi mbili, mmoja wa chuo na mmoja nje ya chuo: maktaba ya umma, ofisi ya kampuni yenye chumba cha mikutano, kituo cha vijana. Wa nje ndio hubeba likizo. Utumieni hata wakati wa muhula, tuseme mara moja kila miezi mitatu, ili watu waujue kabla hawajauhitaji.

Kalenda sasa. Iwe moja kwa vikundi vyote, kwa muundo wa iCalendar, yaani faili la .ics ambalo karibu kila programu ya kalenda inalisoma. Kikao kinachojirudia ni mstari mmoja tu:

`RRULE:FREQ=MONTHLY;BYDAY=2TU`

Hiyo ni Jumanne ya pili ya kila mwezi. Mitego yake ni hii:

Kwanza, kuna tofauti kati ya kujiunga na kiungo cha kalenda na kuingiza faili lake. Aliyeingiza faili amebeba nakala. Ukibadilisha ukumbi kesho, yeye hataona kitu. Kwenye tangazo weka kiungo cha kujiunga, na ueleze kwa sentensi moja pa kukibandika.

Pili, hata aliyejiunga hapati mabadiliko papo hapo. Baadhi ya huduma za kalenda husoma kiungo upya baada ya saa nyingi. Kwa hiyo ukibadilisha jambo siku ya kikao, kalenda haitoshi. Tuma ujumbe na ubandike karatasi kwenye mlango wa zamani.

Tatu, kikao kikiahirishwa usikifute na kuunda kipya. Badilisha kilekile, kibaki na UID yake, yaani kitambulisho cha tukio ndani ya faili. Ukiunda kipya, wengine wataona vikao viwili na kwenda penye kosa. Mwezi mmoja ukirukwa, tumia EXDATE, mstari unaotaja tarehe isiyo na kikao. Kikiwa kimefutwa kabisa, weka `STATUS:CANCELLED` ili watu waone kimefutwa badala ya kukikosa tu na kudhani simu ina hitilafu.

Nne, eneo la saa liandikwe waziwazi ndani ya tukio. Ukiliacha, tukio husomeka kwa saa ya simu ya msomaji, na mwanafunzi aliye likizo nchi nyingine akitaka kufuata mtandaoni atachelewa au kuwahi. Na kwenye tangazo la maneno andika 18:00, usiandike "saa 12" peke yake.

Tangazo lenyewe litoke wiki tatu kabla, likumbushwe wiki moja kabla, na asubuhi ya siku yenyewe. Liwe na: siku ya juma pamoja na tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, jina la jengo, ghorofa na chumba, geti la kuingilia, kiwango cha mada, cha kuja nacho, na nani anasimama getini. Saa ya kumaliza watu huisahau, na ndiyo inayoamua kama mzazi au mtegemea basi la mwisho atakuja.

---

Soketi_na_Swichi

Nachukua intaneti na umeme. Kwenye warsha ya watu 40, hapa ndipo mambo huharibikia, na mara nyingi lawama huangukia "kasi ya intaneti" wakati kasi haihusiki kabisa.

Hesabu vifaa kwanza. Watu 40 ni vifaa 80 kwa uchache, laptopu na simu. Ruta ya kawaida ya nyumbani inagawa anwani zisizozidi 253, na nyingi zimewekwa zigawe mia moja hivi tu, kila anwani ikishikiliwa saa 24. Kama ukumbi ulikuwa na watu asubuhi, anwani zao bado zimeshikwa jioni. Dalili yake: waliofika mapema wako sawa, waliochelewa wanaona Wi-Fi imejaa alama lakini hawapati anwani. Punguza muda wa kushika anwani hadi saa 1, na ukiweza tumia mtandao wa /23, ambao una anwani 510.

Pili ni hewa yenyewe. Wi-Fi ni barabara moja kwa wote. Kifaa chenye mawimbi hafifu kinasema polepole na kuwachelewesha walio karibu. Kwenye masafa ya 2.4 GHz chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Basi laptopu zipeleke 5 GHz, upana wa chaneli 20 MHz, si 80. Upana mkubwa unapendeza kwenye tangazo la ruta, lakini ukumbini unakula nafasi ya jirani. Weka vifaa viwili vya kurusha Wi-Fi, pande mbili za ukumbi, chaneli tofauti, nguvu ya kurusha ikiwa imepunguzwa ili kila laptopu ishike kilicho karibu. Viwe juu ya vichwa vya watu, kwani miili hunyonya mawimbi. Zima kasi za zamani za 802.11b. Simu ya zamani sana huenda ikashindwa kuunga, wengine wote watapumua.

Kwenye majengo ya chuo usichomeke ruta yako ukutani bila kuwaambia watu wa TEHAMA. Mitandao mingi ya vyuo imewekwa kuzima mlango wa kebo ukigundua ruta ngeni, na utaishia kuwa na ukumbi usio na mtandao kabisa jioni ambapo ofisi yao imefungwa. Omba mapema akaunti za wageni. eduroam, yaani Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, ni nzuri kwa mwanafunzi au mwalimu wa taasisi nyingine iliyojiunga, lakini fundi wa mjini hana akaunti hiyo, kwa hiyo usiihesabu kuwa ni intaneti ya wageni.

Kikundi cha vifaa vya kielektroniki kina shida yake ya ziada. Bodi ndogo za ESP8266, ESP32 ya awali na Raspberry Pi Pico W hutumia 2.4 GHz pekee. Pia hazijui kubonyeza "Nakubali" kwenye ule ukurasa wa kuingilia unaofunguka kwenye kivinjari. Na mitandao mingi ya wageni inatenga vifaa visionane, kwa hiyo laptopu na bodi zote zitaunga lakini hazitasemezana. Kwa warsha hiyo njoo na ruta ndogo isiyo na intaneti kabisa, 2.4 GHz, nywila fupi, kwa ajili ya bodi tu, na uitaje kwa TEHAMA unapoomba ukumbi.

Sasa upakuaji. Fanya hesabu kabla ya kuandika "tutasakinisha pamoja". MB 500 mara watu 40 ni GB 20. Kwenye laini ya Mbps 20, bila mtu mwingine kuigusa, ni sekunde 8,000, yaani saa mbili na dakika 13. Warsha imeisha. Dawa ni kupakua mara moja na kugawa ndani ya ukumbi. Kwa Python tumia pip, kisakinishi chake cha pakiti, na faili la requirements.txt lenye orodha ya pakiti za warsha:

`pip download -d pakiti -r requirements.txt`

Angalia hapa: amri hiyo hupakua pakiti za mfumo endeshi na toleo la Python la kompyuta iliyoiendesha. Ukiiendesha kwenye Linux, wa Windows watakwama kwenye pakiti zenye sehemu zilizokusanywa, kama NumPy. Iendeshe tena kwa ajili yao:

`pip download -d pakiti -r requirements.txt --platform win_amd64 --python-version 3.12 --only-binary=:all:`

Kisha ingia ndani ya folda ya pakiti, uanzishe seva:

`python3 -m http.server 8000`

Ndani ya folda hiyo, narudia. Ukiianzisha kwenye folda yako ya nyumbani umewafungulia ukumbi mzima mafaili yako. Washiriki watumie:

`pip install --no-index --find-links http://192.168.1.10:8000/ --trusted-host 192.168.1.10 -r requirements.txt`

Badilisha anwani iwe ya kompyuta yako. Bila `--trusted-host`, pip hukataa anwani ya http isiyo salama. Laptopu ya seva iunganishwe kwa kebo, si Wi-Fi, na uijaribu kutoka kompyuta nyingine kabla watu hawajafika, maana ngome ya Windows hupenda kuzuia mlango 8000 kimyakimya.

Kuwa pia na flashi tano zenye vitu vilevile. Zifomati exFAT. FAT32 haipokei faili la GB 4, na picha nyingi za diski za mifumo endeshi zimevuka hapo.

Umeme. Chaja ya laptopu ya kawaida ni wati 65 hivi. 40 × 65 = wati 2,600, ambazo kwenye volti 230 ni takribani ampea 11.3, na kwenye volti 120 ni karibu 22. Za michezo ya kompyuta hula wati 180 na zaidi, basi hesabu zake peke yake. Si kila chaja itavuta kiwango chote kwa wakati mmoja, lakini pima kana kwamba zitavuta. Gawa mzigo kwenye saketi mbili au zaidi, na uhakikishe ni saketi mbili kweli: ekstensheni mbili kwenye ukuta mmoja mara nyingi zinaishia kwenye breka moja. Zima breka moja mchana ukumbi ukiwa mtupu, uone soketi zipi zimekufa, uziandike.

Usichomeke ekstensheni kwenye ekstensheni. Ile ya kukunja kwenye gurudumu ifunguliwe yote hata kama unahitaji mita tatu, kwa sababu waya uliokunjwa hauachi joto litoke. Projekta na ruta ziwe kwenye saketi ya peke yake. Na kama una UPS (betri ya akiba) ndogo moja tu, ipe ruta, si projekta. Umeme ukikatika laptopu zina betri, kinachokufa kwanza ni mtandao.

---

Slaidi_Kumi

Mtindo wa kikao: saa mbili, usizidi. 18:00 mlango wazi, 18:15 kuanza hata kama wako sita. Mada moja ya dakika 20 na maswali 10, mapumziko ya 20, kisha mada nne fupi za dakika tano. Mapumziko usiyakate kamwe kufidia msemaji aliyezidisha. Mkate yeye. Mtu mmoja akae safu ya mbele na karatasi tatu: 5, 1, na BASI.

Mada fupi ndizo zinazoleta wasemaji wapya, kwa sababu mwanafunzi anayeogopa dakika 40 anakubali tano. Mkitaka nidhamu zaidi kuna mtindo wa Ignite, slaidi 20 zinazojibadilisha zenyewe kila sekunde 15, jumla dakika 5, au PechaKucha, slaidi 20 kwa sekunde 20, dakika 6 na sekunde 40. Kwa maoni yangu mitindo hii inafaa hafla ya mwaka, haifai kila mwezi. Maandalizi yake ni makali na onyesho la moja kwa moja la programu haliwezekani.

Kitu ambacho vikundi vingi vimekiacha, na ndicho cha maana kuliko mada: dakika kumi za "nina hiki, natafuta hiki". Homebrew Computer Club, iliyoanza Machi 1975 kwenye gereji huko Menlo Park, California, na baadaye ikahamia ukumbi wa SLAC, kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Stanford, iligawa kikao hivyo. Kwanza watu walisimama kutaja walichonacho na wanachokitafuta, kisha ukafuata muda wa kutawanyika na kutafutana. Kwa mji wa chuo hapo ndipo mwanafunzi anayetafuta kazi ya mafunzo anapokutana na fundi anayetafuta msaidizi. Kila mtu sekunde 30, na anayeongoza asiruhusu majibu hapohapo, la sivyo inageuka mjadala.

Projekta. Njoo na HDMI ya mita 5 au zaidi, adapta ya USB-C, ya Mini DisplayPort na ya VGA kwa kumbi za zamani. Si kila tundu la USB-C linatoa picha. Mengine ni ya chaji na data tu, kwa hiyo adapta nzima inaweza kuonekana mbovu kumbe ni laptopu. Baadhi ya projekta za vyumba vya mihadhara bado zina umbo la 4:3, na slaidi za 16:9 zitaonekana ndogo zenye pengo juu na chini. Jaribu kila laptopu ya msemaji kabla ya 18:00, si ya kwanza tu. Maandishi ya terminali yawe ukubwa wa 24 kwenda juu, herufi nyeusi kwenye mandharinyuma meupe. Mandhari meusi yanapendeza kwenye skrini yako, lakini kwenye projekta iliyochoka na taa za ukumbi zikiwaka hayasomeki. Onyesho la moja kwa moja lirekodiwe mapema kama video, litumike intaneti ikigoma.

Warsha ni jambo jingine kabisa na haiingii ndani ya kikao cha mada. Msaidizi mmoja kwa washiriki sita hadi wanane. Karatasi za kunata za rangi mbili kwa kila mtu: moja juu ya skrini ikimaanisha nimemaliza, nyingine nimekwama. Mkufunzi anaona ukumbi mzima kwa jicho moja, na aliyekwama haendelei kunyoosha mkono huku kazi imesimama. Usakinishaji uwe na dakika 45 zake kabla ya saa rasmi, kwa wanaohitaji tu.

---

Funguo_za_Ukumbi

Nyongeza kuhusu chuo, maana hapo juu mmeongea kama ukumbi unashuka kutoka mbinguni.

Vyuo vingi havimpi mtu wa nje ukumbi moja kwa moja. Anaomba klabu ya wanafunzi iliyosajiliwa, na barua huhitaji sahihi ya mhadhiri mlezi. Kwa hiyo klabu ya wanafunzi ndiyo mlango wenu, muitunze. Ombeni muhula mzima kwa barua moja, mapema kabla ratiba ya mihadhara haijafungwa. Ulizeni mambo manne kwa maandishi: nani ana ufunguo saa 17:30, jengo linafungwa saa ngapi, wageni wasio na kitambulisho cha chuo wanaingiaje, na nani anapigiwa projekta ikigoma. Orodha ya wageni ifike kwa walinzi mchana, kwa sababu zamu ya jioni hubadilika na maagizo ya mdomo hupotea hapo.

Hilo la viongozi kuhitimu kundi likafa, chanzo chake mara nyingi ni nywila. Anwani ya tovuti, grupu, akaunti ya kalenda na ya fomu vimeandikishwa kwa barua pepe ya chuo ya mwanafunzi mmoja. Anahitimu, chuo kinafunga barua pepe, na hakuna anayeweza hata kubadilisha nywila. Fungua barua pepe ya kikundi, nje ya chuo, na kila kitu kiandikishwe kwa hiyo. Msimbo wa hatua ya pili usiende kwenye simu ya mtu mmoja. Chapisha misimbo ya akiba, ikae kwa watu wawili. Wasimamizi wa grupu wawe watatu au zaidi.

Waandaaji wawe wawili wawili, na katika kila jozi mmoja asiwe wa mwaka wa mwisho. Angalau mmoja wa timu nzima awe mkazi wa mji. Makabidhiano yafanyike katikati ya mwaka, si wiki ya mahafali: mpya aendeshe vikao viwili huku wa zamani akikaa nyuma.

Idadi: waliojiandikisha si watakaokuja, hasa kikao kikiwa cha bure. Usichukue asilimia ya mtu mwingine. Andika waliojiandikisha na waliofika kwa vikao vitatu, halafu tumia uwiano wenu. Fomu iulize jina na barua pepe, basi. Namba ya kitambulisho ikihitajika na walinzi, ikusanywe kando na ifutwe kesho yake.

Na kanuni za mwenendo ziwe ukurasa mmoja, zenye majina ya watu wawili wa kufuatwa mtu akisumbuliwa, wasiwe wawili wa jinsia moja.

---

Mratibu_Mpya

Asanteni sana wakuu. Hakathoni hamjaigusa, ama ni kwa makusudi? Na swali dogo: mabango ya QR tuliyobandika kampasi mengine hayasomeki, mengine yalisomeka muhula uliopita na sasa yanaleta ukurasa mtupu.

---

Msimbo_wa_Mchana

Hakathoni ni kazi nzuri, tatizo ni saa 24 na 48. Global Game Jam, tukio la dunia la kutengeneza michezo ya kompyuta, ilianza 2009 kwa saa 48 na ikafanikiwa, lakini ina mada moja, zana zinazojulikana na watu wanaojua wanachokwenda kufanya. Hakathoni ya kwanza ya mji iwe ya mchana, 09:00 hadi 19:00. Ukilaza watu chuoni unahitaji kibali kingine, walinzi wengine, mpango wa usafiri usiku, na unawafungia nje wenye watoto na wenye kazi asubuhi, yaani walewale wa mjini unaowatafuta.

Hesabu maonyesho ya mwisho kabla ya kukubali timu. Timu 12, dakika 3 za kuonyesha na 2 za kubadilisha laptopu, ni saa nzima bila majaji kusema neno. Zaidi ya timu 12, gawa vyumba viwili. Kazi isimame saa mbili kabla ya kufunga, si dakika kumi. Data iwe tayari imesafishwa na ipo kwenye seva ya ukumbini, kama alivyoeleza Soketi. Funguo za API, yaani misimbo ya kutumia huduma za programu za wengine, ziombwe wiki moja kabla, kwa kuwa nyingine huhitaji kuidhinishwa na mtu. Na suala la haki za umiliki: soma kanuni za chuo kuhusu kazi iliyofanywa kwa vifaa vyake, na masharti ya mfadhili, uyabandike kabla ya usajili. Mfadhili anayetaka haki zote za kazi za washiriki, mwache.

---

Kalenda_Moja

Nakubaliana na Msimbo kuhusu mchana, sikubaliani na kuanza nayo. Hakathoni inakula miezi mitatu ya nguvu za waandaaji walewale wanne, na ikiisha hakuna kikao cha kuwapokea watu waliovutiwa. Fanyeni vikao sita mfululizo visivyokosa, kisha hakathoni, na tarehe ya kikao kinachofuata iwe kwenye slaidi ya mwisho ya siku hiyo.

---

Msimbo_wa_Mchana

Sita ni vingi kwa mji ambao wanafunzi wanabadilika kila mwaka, mimi ningesema vitatu. Ila tarehe ya kinachofuata, ndiyo, hilo halina ubishi.

---

Slaidi_Kumi

Kuhusu QR. Yaliyoleta ukurasa mtupu huenda yalitengenezwa na huduma ya bure inayopitisha kiungo kwake kwanza. Muda wa majaribio ukiisha, kiungo hufa ingawa bango halijabadilika. Tengeneza QR yenye anwani yenu moja kwa moja, na anwani hiyo muielekeze wenyewe kila muhula kwenye ukurasa unaohitajika. Bango halichapishwi upya.

Yasiyosomeka: kadiri anwani inavyokuwa ndefu ndivyo vijiraba vinavyokuwa vidogo, basi fupisha. Upana wa QR uwe walau sehemu ya kumi ya umbali wa kusomea, kwa hiyo bango la kusomwa kutoka mita 2 linahitaji QR ya sentimita 20. Acha ukingo mweupe wa vijiraba vinne pande zote. Wabunifu hupenda kuukata. Tumia kiwango cha kusahihisha makosa cha Q au H, ambavyo huvumilia kuharibika kwa takribani asilimia 25 na 30, maana bango la kampasi litachanwa na kubandikiwa mengine. Rangi nyeusi juu ya nyeupe, si kinyume chake, kwa kuwa baadhi ya simu hazisomi iliyogeuzwa. Na chini yake chapisha anwani fupi kwa herufi kubwa kwa mwenye kamera iliyopasuka.